Kupima programu huria ya picha kwa watumiaji wa kawaida: kazi za kuwapa, mashine, na matokeo

mtunza_msimbo

Wakuu habari. Tunatunza programu huria ya kupanga na kuhariri picha kwenye kompyuta ya mezani. Imejengwa kwa GTK (zana za kujengea programu za madirisha), inatolewa kama Flatpak (kifurushi cha programu) kwa Linux na kama kisakinishi cha kawaida kwa Windows. Wachangiaji tuko saba na wote ni waandika msimbo. Ripoti za hitilafu zinazotufikia zinatoka kwa watu wanaojua kuandika ripoti, yaani watu wanaofanana na sisi. Aliyeshindwa kukata picha akaifuta programu kimyakimya hatumsikii kamwe.

Tunataka kukaa na watumiaji wa kawaida tuwaangalie wakiitumia. Rasimu ya kazi tutakazowapa ni hii:

1. Fungua programu uunde albamu mpya.
2. Weka lebo kwenye picha tano.
3. Tumia zana ya Kata kumwondoa mtu aliye pembeni mwa picha.
4. Hamisha picha hiyo kuwa JPEG.
5. Badilisha mandhari ya programu iwe ya giza.

Ninachoomba: kazi hizi zimekaa sawa? Watu wangapi wanatosha? Mashine iandaliwe vipi na kikao kirekodiwe kwa kutumia nini? Na la mwisho, ambalo ndilo linanisumbua zaidi: matokeo yaingieje kwenye kazi za mradi bila kuishia kwenye ule ubishi wa "mtumiaji hakusoma maelekezo"?

---

kazi_kwanza

Mkuu, mashine na kurekodi wengine watakueleza. Mimi nashika kazi, kwa sababu hapo ndipo vipimo vingi huharibika kabla mshiriki hajaketi.

Kazi zako zote tano zimeandikwa kwa lugha ya menyu yako. "Albamu mpya", "lebo", "Kata", "Hamisha", "mandhari" ni maneno yaliyomo kwenye programu. Mshiriki akisoma "Hamisha picha kuwa JPEG" anachofanya ni kutafuta neno Hamisha kwenye skrini, analipata, anabofya. Utaandika "amefaulu, sekunde 20" na utafurahi, kumbe umepima uwezo wake wa kulinganisha maneno. Nyumbani hakuna karatasi inayomwambia kwamba jambo analolitaka linaitwa Hamisha.

Kazi nzuri inaeleza hali na matokeo yanayotakiwa. Njia inabaki kuwa siri ya programu. Chukua namba 3 na 4, ziunganishe hivi:

"Kwenye folda inayoitwa Picha kuna picha ya watu watatu. Rafiki yako ameomba atumiwe, ila hataki mtu aliye mkono wa kulia aonekane. Itayarishe picha hiyo, uiweke kwenye eneo-kazi ikiwa tayari kutumwa."

Hakuna Kata, hakuna Hamisha, hakuna JPEG. Chini yake, kwenye karatasi yako ambayo mshiriki haioni, andika kipimo cha kufaulu: "faili liko kwenye eneo-kazi, linafunguka kwa kitazama picha cha kawaida, mtu wa kulia hayumo, picha ya asili haijaguswa". Kile kipengele cha mwisho watu husahau kukiandika. Mtu aliyekata picha yake ya pekee na kuihifadhi juu ya ile ya asili hajafaulu hata kidogo, ingawa kwenye video ataonekana amemaliza haraka kuliko wote.

Nieleze kwa nini kazi hii moja ni tajiri kuliko zako zote tano. Iangalie kwenye GIMP, programu huria ya kuhariri picha ambayo wengi humu tunaijua. Mtu anachukua zana ya kukata, anavuta mstatili. Nje ya mstatili panakuwa na kiza. Kwa macho yake kazi imekwisha, maana kile asichokitaka kimefifia. Kumbe bado: lazima abonyeze Enter au abofye ndani ya mstatili. Wengine hujaribu kuvuta mstatili kwa zana ya kuchagua, kisha wanabonyeza Delete wakitegemea kilicho nje kiondoke, halafu kinaondoka kile walichotaka kibaki. Akivuka hapo anakwenda kwenye Hifadhi. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, Hifadhi katika GIMP ni ya XCF tu, yaani aina ya faili ya GIMP yenyewe. JPEG na PNG ziko kwenye Hamisha. Akiandika jina linaloishia na .jpg ndani ya Hifadhi, programu inamkatalia na kumwelekeza Hamisha. Tuseme ameelekea huko na faili limetoka salama. Anafunga dirisha. Programu inamuuliza kama anataka kupoteza mabadiliko! Ametoka kuhifadhi sasa hivi, kwa uelewa wake. Hapo mtu huanza kuitilia shaka kazi aliyoifanya sawasawa, anarudi, anahifadhi XCF, na ukimwambia akuonyeshe faili la kutuma anakuonyesha hilo.

Sisemi uamuzi wa GIMP ni mbaya. Kwa anayehariri picha yenye tabaka nyingi una sababu nzuri, kwani humlinda asipoteze tabaka zake. Ninachosema ni kwamba vizuizi vyote vinne, kuanzia kuthibitisha mkato hadi onyo la kufunga, visingeonekana kama kazi ingesema "tumia zana ya Kata, kisha Hamisha".

Ya 5 iondoe. Mandhari ya giza ni haja ya waandika programu. Orodhesha kwanza mambo matano au sita ambayo mtu huyafanya wiki ya kwanza baada ya kusakinisha, uyageuze hayo kuwa kazi. Tano hadi saba zinatosha kwa kikao cha dakika 45 hadi 60. Ya kwanza iwe nyepesi ili mkono wa mshiriki uzoee.

Jambo la mwisho: kazi zisitegemeane. Kama ya 4 inahitaji faili lililotengenezwa kwenye ya 3, aliyekwama kwenye ya 3 amekupotezea mbili. Weka faili tayari kwa kila kazi kwenye folda yake. Kila kazi ichapwe kwenye karatasi yake peke yake, umpe moja baada ya nyingine, aisome kwa sauti kabla hajashika kipanya. Akisoma kwa sauti utasikia papo hapo sentensi gani imemkanganya, na hiyo ni hitilafu ya karatasi yako, programu haina kosa. Ndiyo maana mshiriki wa kwanza kabisa awe wa kujaribia kikao chenyewe. Matokeo yake usiyahesabu.

---

fundi_wa_mashine

Nachukua mashine.

Fungua akaunti mpya ya mtumiaji, mipangilio yote iwe ile inayokuja na mfumo. Usitumie yako, una njia za mkato, una mandhari yako, una fonti uliyoikuza. Ingia kwenye akaunti hiyo, sakinisha programu, weka folda za kazi, toka. Sasa, kwa rsync (amri ya kunakili folda), nakili folda nzima ya nyumbani ya akaunti hiyo mahali pa kuhifadhia kiolezo:

`sudo rsync -a --delete /home/mshiriki/ /srv/kiolezo/`

Kila mshiriki akimaliza, toka kwenye akaunti, kisha urudishe kinyume:

`sudo rsync -a --delete /srv/kiolezo/ /home/mshiriki/`

Zingatia mkwaju mwishoni mwa njia zote mbili. Ukiuacha kwenye ya kwanza, folda itanakiliwa ndani ya folda. Na usiiendeshe akaunti ikiwa bado imefunguliwa, kwa sababu programu zinazoendelea zitaandika tena mipangilio ya zamani juu ya ile mipya.

Mtu atasema kufuta folda ya mipangilio ya programu kunatosha. Hakutoshi. Kwa Flatpak mipangilio iko chini ya `~/.var/app/`, sawa, ukiifuta imeondoka. Lakini GTK ina orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni kwenye `~/.local/share/recently-used.xbel`, na vijipicha viko kwenye `~/.cache/thumbnails`. Mshiriki wa pili atafungua kidirisha cha kufungua faili na kukuta juu kabisa, kwenye "za karibuni", jibu alilotengeneza mshiriki wa kwanza. Kwenye programu ya picha hilo linaharibu kipimo kizima, kwa sababu atabofya picha iliyokwisha kukatwa. Rsync inafuta yote kwa mkupuo.

Toleo la programu liwe moja kwa washiriki wote wa duru moja. Andika namba ya komiti (inayotambulisha hali ya msimbo) kwenye fomu.

Skrini: pima kwa pikseli 1366×768, usipime kwenye skrini yako pana. Kompyuta nyingi za kupakata za bei ya chini zina kipimo hicho, na ndicho kinachofichua vidirisha virefu kuliko skrini. Kidirisha cha kuhamisha chenye chaguzi nyingi kinaweza kushuka hadi kitufe cha kuthibitisha kikawa chini ya ukingo. Anayejua atashika kitufe cha Super, kile chenye nembo ya Windows (au Alt, kutegemea mazingira), akavuta dirisha juu. Wa kawaida ataona kidirisha kisicho na kitufe, atabonyeza Escape, na ataanza upya. Hilo kwako halitokei maisha yako yote kama una pikseli 1080 za kwenda chini.

Ukitumia KDE Plasma (mojawapo ya mazingira ya eneo-kazi ya Linux) angalia ni toleo gani. Hadi Plasma 5 kubofya mara moja kulifungua faili. Plasma 6, iliyotoka Februari 2024, ndiyo iliyogeuza kuwa mara mbili. Mshiriki aliyezoea mara mbili, kwenye Plasma 5, atafungua picha ileile mara mbili na kupata madirisha mawili, kisha atahariri moja na kuhifadhi nyingine. Hilo ni la mfumo, lakini ukilikosa utaliandikia ripoti programu yako.

Kuhusu kurekodi: OBS Studio, programu ya kurekodi skrini, inatosha, tena ni huria. Mambo ya kuangalia:

- Rekodi kwa MKV. MP4 ya kawaida ikikatika katikati, mashine ikizima au diski ikijaa, faili lote huwa halifunguki. MKV inakupa hadi pale ilipofikia. Baadaye OBS yenyewe inaweza kukugeuzia kuwa MP4.
- Kwenye Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha ya Linux) chanzo cha kuchagua ndani ya OBS ni kile cha PipeWire, na mfumo utakuuliza skrini ipi. Jibu kabla mshiriki hajaingia chumbani.
- Hakikisha kiashiria cha kipanya kinarekodiwa. Video isiyo na kiashiria haikuambii alielea wapi kabla ya kubofya, na huko kuelea ndiko kunakoonyesha wasiwasi.
- Fremu 15 kwa sekunde zinatosha. Kwa kilobiti 2500 kwa sekunde saa moja ni kama gigabaiti 1.1, hesabu nafasi ya diski mapema.
- Maiki ya nje, hata ile ya vifaa vya masikioni, ilazwe mezani mbali na kibodi. Maiki ya ndani ya kompyuta husikia feni kuliko mtu.
- Rekodi dakika moja, isikilize, ndipo umwite mshiriki.

Uso usiurekodi bila sababu. Skrini na sauti vinabeba karibu kila unachohitaji, na mtu akijua uso wake haumo analegea. Ridhaa iwe ya maandishi: nini kinarekodiwa, nani ataona, kitafutwa lini, na kwamba anaweza kusimama wakati wowote. Mradi huria una tabia ya kuweka kila kitu hadharani. Rekodi ya mtu akihangaika haimo kwenye tabia hiyo mpaka yeye aseme ndiyo.

Usakinishaji wa Windows upime peke yake, kwenye mashine nyingine. Kama kisakinishi chenu hakina sahihi ya kidijiti, SmartScreen, kinga ya Windows, itatoa dirisha la onyo ambamo kitufe cha kuendelea hakionekani mpaka ubofye maelezo zaidi. Kwa mtu wa kawaida dirisha hilo linasema programu ni hatari, basi, na anayeitii hajakosea.

---

mtunza_msimbo

Asanteni sana, nimeanza kuandika kazi upya. Swali juu ya kukaa na mshiriki: akikwama nimsaidie lini? Na nani asimamie kikao, kwa kuwa wote ni waandishi wa programu hiyohiyo? Pia, "mtumiaji wa kawaida" nimtambue vipi?

---

kimya_chumbani

Nianze na la mwisho. Usimuulize mtu kama anajua kompyuta. Kila mtu ana jibu lake na halikusaidii. Muulize alichofanya: "Mara ya mwisho ulipotoa picha kwenye simu ukaziweka kwenye kompyuta, ulifanyaje?" Jibu la dakika moja linakuonyesha aliko. Anayetaja amri za kuandika kwenye terminali (dirisha la amri) si wa duru hii. Asiyewahi kushika kipanya naye si wa duru hii, kwa sababu utapima kipanya. Unamtafuta yule mwenye picha, mwenye kompyuta, anayezihamisha kwa njia yoyote, na ambaye hajawahi kuigusa programu yenu. Ndugu na jamaa wa wachangiaji waache, wamekwisha kusimuliwa. Alika mmoja au wawili zaidi ya unaowahitaji, kwa kuwa wapo watakaokosa kufika.

Kusimamia: aliyeandika sehemu inayopimwa asisimamie. Kama hamna mtu mwingine, basi asitamke kwamba ameiandika, na asidanganye akiulizwa. Watu wana adabu. Wakijua mwenye kitu yuko mbele yao, watasema "ni nzuri, mimi tu ndiye sijazoea". Kwenye utangulizi sema wazi: "Tunaipima programu, wewe hatukupimi. Ukikwama, programu ndiyo iliyokukwamisha na ndicho tunachotafuta." Kisha mwombe aseme kwa sauti anachokitafuta, anachokitegemea na kinachomshangaza. Mwonyeshe mfano kwa kitu kingine, kwa mfano kalenda ya kompyuta, usimwonyeshe kwa programu yenyewe.

Wawepo wawili tu chumbani pamoja naye: msimamizi anayeongea na mwandishi asiyeongea. Wachangiaji wengine waangalie kutoka chumba kingine, au kwa Jitsi Meet (mkutano wa video wa mtandaoni) maiki zao zikiwa zimezimwa. Akiwemo mmoja nyuma anayeguna kila kitufe kinapokosewa, kikao kimekwisha.

Akinyamaza sekunde 15 au 20, uliza "unawaza nini sasa?" na hapohapo nyamaza. Akikuuliza "nibofye hapa?" mrudishie: "kama ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Akisema kitu cha kushangaza, uliza alitegemea nini kitokee. Mengine yote yaache. Maneno ya kuepuka kabisa ni "jaribu kule juu", "karibu umefika", na "safi!" anapobofya sawa, kwa sababu asiposikia "safi" mara inayofuata atajua amekosea.

Msaada: weka kanuni kabla ya siku yenyewe, iwe moja kwa wote. Ninayoitumia ni dakika tano bila kusogea, au njia tatu tofauti zilizoshindikana, au yeye mwenyewe kusema "hapa ningeacha". Kikitimia kimoja, kazi inaandikwa imeshindikana, unamshukuru, unachukua karatasi inayofuata. Usimwonyeshe jibu katikati ya kikao. Akijifunza Hamisha iko wapi, kazi zinazobaki zimebadilika. Mwishoni, akitaka, mwonyeshe yote.

Mwandishi aandike saa, alichofanya, alichosema. "12:40 amefungua menyu ya Faili mara ya tatu, amesema 'iko humu lakini siioni'." Asiandike "amechanganyikiwa". Hayo ni maoni, na ubishi unaouhofia huanzia kwenye maoni.

Vikao vinne au vitano kwa siku, vikiachana nusu saa. Hiyo nusu saa ni ya kurudisha mashine na kuandika mambo matatu makubwa kabla hayajachanganyika na ya mtu anayefuata.

---

hesabu_ya_watano

Watu wangapi. Jibu maarufu ni watano, na ni zuri, lakini lina sharti ambalo hunyofolewa likisafiri.

Watafiti Nielsen na Landauer, mwaka 1993, walitoa kanuni: sehemu ya matatizo yanayoonekana ni 1 − (1 − p)ⁿ, ambapo p ni uwezekano wa tatizo kumpata mtu mmoja na n ni idadi ya watu. Wastani wa p kwenye miradi waliyoiangalia ulikuwa asilimia 31. Watu watano hapo wanafichua kama asilimia 84. Sharti ni hiyo p. Tatizo linalompata mtu 1 kati ya 10, kwa watu watano una asilimia 41 tu za kuliona. Ukitaka kufika 85 unahitaji watu 18.

Kwa hiyo watano wanakutosha kwa matatizo makubwa yanayompata karibu kila mtu, na programu ambayo haijawahi kupimwa huwa imejaa hayo. Pima watano, rekebisheni, pima watano wengine. Mara tatu hivyo ni bora kuliko 15 kwa mpigo, kwa sababu kizuizi kikubwa huficha kilicho nyuma yake: hakuna atakayeonyesha kasoro ya kidirisha cha kuhamisha kama wote wanakwama kwenye kukata.

Usitoe asilimia kutoka kwa watu watano. "4 kati ya 5 wamefaulu" iandike hivyohivyo. Ukiandika "80%" mtu atailinganisha na "60%" ya toleo lililopita na kusema mmepanda, wakati kwa 4 kati ya 5 ukweli kwa watumiaji wote unaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 36 na 98.

Dodoso la SUS la kupima urahisi wa kutumia mfumo, lile la John Brooke lenye kauli 10, halina ubaya kulijaza mwishoni, ila alama zake kwa watano huyumba mno. Ukilitumia kwa Kiswahili angalia tafsiri: kauli za namba witiri husifu, za namba shufwa hulalamika, na hesabu inategemea hilo. Kwenye witiri unatoa 1 kutoka kwa jibu, kwenye shufwa unatoa jibu kutoka 5, unajumlisha, unazidisha kwa 2.5. Kauli ya 8 ikitafsiriwa kwa upole ikaonekana inasifu, kila alama imekosewa na hakuna atakayegundua.

Na muda wa kila kazi usiupe uzito. Mshiriki anayeongea huku akifanya kazi hatumii muda wake wa kawaida.

---

ripoti_moja_kisa_kimoja

Mkuu mtunza_msimbo, swali lako la mwisho ndilo linaloamua kama haya yote yatakuwa na faida.

Anza na jedwali. Mistari iwe kazi, safu ziwe washiriki, kila kisanduku kipakwe rangi: kijani kwa aliyefanya bila shida, njano, chungwa na nyekundu kadiri ugumu unavyopanda, nyeusi kwa aliyeshindwa kabisa. Jim Hall alilitumia sana jedwali la aina hii kwenye vipimo vya GNOME (mazingira ya eneo-kazi ya Linux) na nguvu yake ni kwamba linasomeka kwa sekunde tano. Mstari wenye weusi wengi ni tatizo la programu. Safu moja nyeusi kutoka juu hadi chini, mistari mingine ikiwa kijani, inakuambia urudi ukaangalie jinsi mshiriki yule alivyochaguliwa.

Kisha panga maandishi kwa sababu, usipange kwa mahali. Aliyeandika .jpg kwenye Hifadhi, aliyeshtushwa na onyo la kufunga, na aliyetuma faili lisilofunguka, wote wana sababu moja: wanaamini kuhifadhi ni kitendo kimoja. Ukifungua ripoti tatu, mtapata viraka vitatu na tatizo litabaki. Fungua moja.

Ripoti iwe na mambo haya kwa mpangilio huu: kazi aliyopewa neno kwa neno, alichofanya, alichotegemea, kwa maneno yake, wangapi kati ya wangapi, uzito, kipande cha video cha sekunde 20 hadi 30 kama ameridhia. Suluhisho liwe chini kabisa na litenganishwe, kwa sababu wachangiaji wakiona suluhisho juu watajadili suluhisho na tatizo litasahaulika. Kwa uzito tumia kiwango cha 0 hadi 4, ambapo 4 ni kupoteza kazi ya mtu au kushindwa kabisa. Kuandika juu ya picha ya asili bila onyo ni 4 hata kama kumempata mmoja tu.

Kukata video:

`ffmpeg -ss 00:12:30 -i kikao3.mkv -t 25 -c:v libx264 -crf 28 -c:a aac kipande.mp4`

Usikate kwa `-c copy`. Huanzia kwenye fremu kuu, kwa hiyo mwanzo unaweza kurudi nyuma sekunde kadhaa na ukaonyesha jina au ujumbe ambao hukukusudia.

Kuhusu "hakusoma maelekezo": usilijibu kwa hoja. Waombe wachangiaji wote watazame angalau kikao kimoja kizima kabla ya kuruhusiwa kuchangia kwenye ripoti. Kizima, si vipande. Mtu aliyeandika kidirisha akitazama dakika nne mfululizo mtu makini akikisoma kwa sauti, neno kwa neno, na bado anabofya pasipo, ataanza mwenyewe kuyaangalia maneno aliyoyaandika. Na kama kuna anayedhani vipimo hivi ni vya kampuni kubwa tu, GNOME ya leo ina mizizi humo: Sun Microsystems waliipima GNOME 1.4 kwa watumiaji mwaka 2001, na mwongozo wa kwanza wa kiolesura cha GNOME ukatoka mwaka 2002.

Tengeni muda wa kurekebisha kabla ya kupanga siku ya vikao. Washiriki watano hutoa kwa urahisi matatizo mengi kuliko mnayoweza kugusa kabla ya toleo lijalo. Chagueni matatu.

---

mtunza_msimbo

Nimefanyia kazi. Kazi mpya hizi hapa, naomba mzikosoe kabla sijachapa:

1. "Picha zako ziko kwenye folda ya Picha. Zifanye zionekane ndani ya programu hii."
2. "Picha za harusi na za safari zimechanganyika. Zipange ili wiki ijayo uweze kuona za harusi peke yake."
3. Ile ya rafiki, kama alivyoiandika kazi_kwanza.
4. "Picha moja ya safari imetoka giza sana. Irekebishe sura yake kwa kuongeza mwangaza."
5. "Umegundua picha ya harusi uliyoibadilisha jana ilikuwa nzuri zaidi kabla. Irudishe ilivyokuwa."

---

kazi_kwanza

Zimekaa vizuri sana, hasa ya 5, ambayo sidhani kama mtu angeifikiria kwa kuangalia menyu. Iandalie faili lililobadilishwa tayari, lihifadhiwe kwa programu yenyewe, ndani ya kile kiolezo cha fundi_wa_mashine.

Ya 4 bado ina neno moja la menyu. Kama kitelezi chenu kinaitwa "Mwangaza", umempa jibu. Ishie hapa: "Picha moja ya safari imetoka giza sana, nyuso hazionekani. Fanya zionekane." Na kwenye karatasi yako amua mapema kama anayeng'arisha picha yote hadi anga ikawa nyeupe tupu amefaulu au la.

Ya 2 usiseme "zipange". Neno hilo lina maana mbili, na nusu yao watatafuta kupanga kwa tarehe. Sema tu: "Wiki ijayo utataka kuona za harusi peke yake. Fanya litakalokuwezesha."